Kamera ya kwanza ya SLR na lenzi kwa shughuli za kina mama Lamu

Binti wa Langoni (Lamu) ameuliza:

Assalamu alaikum, ndugu na dada zangu. Naomba ushauri wa kununua kamera yangu ya kwanza ya SLR pamoja na lenzi moja. Nitaeleza kazi yenyewe kwa urefu kidogo, kwa sababu nimesoma majibu mengi yanayotaja kamera kabla muulizaji hajasema anataka kupiga picha za nini.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikipiga picha kwa simu katika shughuli za jamaa zangu, na sasa kina mama wameanza kunialika rasmi usiku wa hina na siku ya kupamba. Mnaozijua desturi zetu mnafahamu kwamba shughuli hizi ni za wanawake peke yao: mabuibui huvuliwa mlangoni, wanaume hawaingii, na mara nyingi simu za wageni hukusanywa kapuni kabla watu hawajaketi. Mpigapicha hana budi kuwa mwanamke, na awe mtu ambaye familia inamwamini kwamba picha hazitatoka. Hapa kwetu wanaoifanya kazi hii ni wachache, nami naipenda kwa dhati na nataka kuifanya kwa ubora unaostahili.

Shida yangu ni mwanga. Shughuli huanza baada ya Isha, ndani ya nyumba, chini ya balbu chache na taa za mapambo. Simu yangu inajitahidi, lakini uso wa bibi harusi hutoka kama umepakwa nta, dhahabu ya shingoni inageuka doa jeupe, na akinyanyua mkono tu, mkono huo huvurugika pichani. Hina, ambayo mchoraji amekaa nayo saa nne, haionekani mistari yake.

Nimeweka akiba ya Sh60,000. Je, ninunue kamera mpya ya bei ya chini pamoja na lenzi yake ya 18-55, au iliyotumika lakini ya daraja la juu zaidi? Kila mtu ananisifia lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, je, ndiyo inayonifaa? Na kuna wanaoniambia kwamba SLR zimepitwa na wakati, ninunue kamera isiyo na kioo. Sitaki kukosea, kwani fedha hizi nimezikusanya kidogo kidogo.

Mpigapicha wa Ufukweni (Malindi) amejibu:

Wa alaikum salaam, dada yangu. Umeuliza vizuri, nami nitaanza na swali lako la mwisho.

Ndani ya SLR mna kioo kinachopeleka taswira ya lenzi juu hadi kwenye tundu la kuchungulia, na kila unapobonyeza, kioo hicho huinuka ili mwanga ufike kwenye sensa inayonasa picha; ule mlio unaousikia ni wake pamoja na shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga mbele ya sensa. Canon na Nikon zilianza mifumo yao mipya ya kamera kubwa zisizo na kioo mwaka 2018, na tangu hapo wapigapicha wengi wa kulipwa wamehamia huko na kuuza vyombo vyao vya awali. Ni kweli kwamba kamera hizo mpya hulenga jicho la mtu zenyewe ili litoke kali pichani, na zinaweza kupiga bila mlio. Lakini kwa akiba yako, kuhama kwao ni faida kwako, kwa kuwa bodi (kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi ambazo zamani zilikuwa za wenye studio sasa zinapatikana kwa bei ya mwanzilishi. Picha ya SLR ya mwaka 2013 haijapoteza ubora wake kwa sababu kamera mpya zimetoka.

Kuhusu lenzi, ningependa uelewe jambo moja kabla ya kutoa hata shilingi. Lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera hufunguka hadi f/3.5 ikiwa kwenye milimita 18, inapoona eneo pana, lakini ukiivuta hadi 55 inabaki na f/5.6; namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya ule wa f/5.6. Tuseme chumba chako kinahitaji ISO 1600 (ISO ni kipimo cha jinsi kamera inavyoukuza mwanga) kwa f/1.8 na kasi ya shata ya sekunde 1/125, kasi ambayo angalau humzuia mtu anayezungumza asivurugike, ukiweka f/5.6 katika chumba hichohicho kwa kasi ileile, utahitaji ISO inayokaribia 15,500. Baadhi ya bodi za wanaoanza hazifiki huko, na zinazofika hutoa picha yenye chembechembe nyingi.

Tahadhari nyingine inahusu Nikon. Bodi za mifululizo ya D3000 na D5000, kama vile D3500 na D5600, hazina mota ya kulengea ndani yake. Lenzi ya zamani ya 50 f/1.8D itafungika vizuri na itapiga picha, lakini utalenga kwa kuzungusha mkono, jambo ambalo hutaliweza katika ukumbi uliojaa watu. Kwa bodi hizo, hakikisha lenzi imeandikwa AF-S. Kwa Canon hakuna hofu hiyo, kwa sababu lenzi zake za EF, tangu mfumo huo ulipoanza mwaka 1987, hubeba mota zenyewe.

Kwa hiyo shauri langu ni bodi iliyotumika na lenzi ya 50 f/1.8. Mimi naitumia jioni ufukweni, karibu na nguzo ya Vasco da Gama, na nyuso hutoka safi huku bahari ikiyeyuka nyuma yao. Ni lenzi nyepesi, na kati ya lenzi zote za Canon na Nikon ni miongoni mwa zenye bei ndogo kabisa.

Mama Picha (Malindi, mzaliwa wa Mkomani, Lamu) amejibu:

Mwanangu, nimefurahi mno kusoma kwamba kuna binti wa Langoni anayeitaka kazi hii kwa moyo. Nimeifanya kwa miaka mingi, Lamu, Malindi na Mombasa, na nitakueleza niliyoyaona.

Kaka yangu amesema kweli tupu kuhusu mwanga, lakini lenzi ya 50 ni shauri la mtu anayepiga picha ufukweni, ambako akitaka kurudi nyuma hatua kumi hakuna cha kumzuia. Wewe utakuwa na ukuta mgongoni.

Zitazame nyumba zetu za mawe. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti moja haivuki nafasi kubwa bila kupinda, ndiyo maana vyumba vya kale vya Lamu ni virefu lakini vyembamba: upana wake kwa kawaida haufiki mita 3, hata nyumba iwe ya tajiri kiasi gani. Sasa chukua kamera za daraja lako, ambazo sensa yake ina upana wa milimita 22 hadi 24. Ukiwa na lenzi ya 50 na ukitaka kumpiga mtu mzima aliyesimama, kichwani hadi miguuni, utasimama mbali naye mita 4. Ukitaka kuwapiga kina mama walioketi safu moja ya mita 3, utahitaji zaidi ya mita 6. Wewe umebana mgongo kwenye zidaka upande huu, bibi harusi ameketi upande wa pili, na kati yenu hamna hata mita mbili na nusu. Kwa lenzi ya 50 utampata kichwani hadi kiunoni, basi. Nguo aliyoshonewa kwa miezi haitaonekana, na mama yake aliyeketi ubavuni pake atabaki nje ya picha.

Lenzi ya 35 hubadilisha hesabu yote. Mtu mzima aliyesimama anaingia ukiwa umbali wa mita 2.8, safu ile ya mita 3 unaipata ukiwa mita 4 na nusu, na hata ukiwa umebanwa kwenye ule upana mwembamba unampata bibi harusi aliyeketi, utosini hadi kwenye viatu. Nikon wana lenzi ya AF-S DX 35 f/1.8G, iliyotoka mwaka 2009, ambayo ni ndogo, ina mota yake, na inapatikana kwa wingi katika vyombo vilivyotumika. Canon hawana iliyo sawa nayo kwa bei hiyo. Wanayo ya 24 f/2.8 iliyo bapa kama chapati, nayo ni nzuri kwa chumba chembamba, ila mwanga inaouingiza ni chini ya nusu ya ule wa f/1.8. Kwa sababu hiyo pekee, katika nyumba zetu mimi ningekuelekeza upande wa Nikon, ingawa kwa kazi nyingine nisingekuwa na upendeleo wowote.

Pima chumba kabla ya kununua lenzi. Chukua futi, pima chumba cha mamako na cha shangazi yako, halafu uamue.

Jambo la pili ni flashi. Usiielekeze usoni: dhahabu itang'aa kupita kiasi, hina itakuwa bapa, na jasho la joto letu litaonekana lote. Watu wa nchi nyingine hufundishwa kuielekeza juu darini ili mwanga urudi ukiwa laini, lakini dari zetu ziko juu na boriti zake ni nyeusi au zimepakwa rangi ya kukoza, kwa hiyo mwanga unakwenda huko na haurudi. Igeuze flashi uelekeze kwenye ukuta wa chokaa, ubavuni pako au nyuma ya bega lako. Ule ukuta mweupe unageuka dirisha kubwa, na uso wa mtoto wa watu unapokea mwanga kama wa asubuhi barazani. Hapa pia bodi ina neno: Canon 2000D, 4000D na 250D zimeondolewa pini ya katikati kwenye kiti cha flashi, na flashi nyingi za bei nafuu zinazoitegemea pini hiyo haziwaki kabisa juu yake. Nimewaona mabinti wawili wakilia kwa ajili ya hilo usiku wa kazi.

La tatu, ninalolizingatia kuliko yote, ni kadi ya kuhifadhia picha. Mwaka wa pili wa kazi yangu kadi ilikufa katikati ya siku ya kupamba, huko Lamu. Hina haikuwa imefifia, kwa hiyo asubuhi yake nilirudi nikaipiga tena mikono na miguu ya bibi harusi, mistari ya piko, ile rangi nyeusi ya mapambo, ikiwa bado nyeusi. Lakini nyanya yake, ambaye alikuwa amemtunza mjukuu kwa kitambaa cha fedha huku machozi yakimtoka, alikuwa ameshapanda boti alfajiri kurudi Faza. Picha ile haipo. Tangu siku hiyo sijafanya harusi kwa kamera yenye nafasi moja ya kadi. Nikon D7100 na D7200 zina nafasi mbili, na unaweza kuziagiza ziandike picha ileile kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Angalia usidanganyike na namba: D7500, ingawa ni mpya zaidi, ina nafasi moja tu.

Na kwa kuwa umetaja kuaminika: bodi kadhaa za Nikon, zikiwamo D3500, D5600 na D7500, zina mpango wa kupeleka picha kwenye simu zenyewe bila kuguswa. Ukiwa nayo, uzime kabla hujavuka kizingiti. Vilevile kufuta kadi kwa kitufe cha kamera hakuondoi picha kabisa. Kuna programu zinazoweza kuzirudisha. Mimi huzihesabu kadi mbili mpya ndani ya bei ya kazi, na nikishamaliza kuchagua na kusafisha picha, kadi zote mbili hubaki mikononi mwa mama wa bibi harusi. Utaona jinsi neno hilo moja litakavyokuletea wateja.

Fundi wa Lenzi (Malindi) amejibu:

Wenzangu wamemaliza habari ya kuchagua. Mimi hutengeneza kamera, na nyingi zinazofika mezani pangu zimeuliwa na chumvi na unyevu, wala si kuanguka. Kwa kuwa utanunua iliyotumika, dada, tafadhali fanya haya ukiwa mbele ya muuzaji.

Iondoe lenzi kwenye bodi, umulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku ukiichungulia kwa mshazari. Vumbi kidogo halidhuru. Unachokitafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui au kama mizizi ya nyasi: hiyo ni kuvu, na huku pwani haiponi yenyewe, inazidi kula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo. Ukiiona, iache, hata ukipunguziwa bei namna gani. Kisha tazama mataya ya shaba pale lenzi inapofungwa. Rangi ya kijani ni alama ya chumvi.

Kwa bodi, weka f/16, piga ukuta mweupe au mbingu, halafu kuza picha utazame madoa kwenye sensa. Nikon huandika ndani ya kila faili la picha idadi ya mara shata ilivyofunguka, na kuna tovuti za kukusomea bila malipo. D7100 na D7200 zilipimwa na watengenezaji kwa mara 150,000, na zile ndogo za D3000 na D5000 kwa mara 100,000; si kwamba zikifika hapo zinakufa, lakini iliyopita elfu themanini isiuzwe kama mpya. Kwa kamera za Canon idadi hiyo kwa kawaida haimo ndani ya faili, kwa hiyo usimwamini muuzaji anayekutajia namba bila kukuonyesha ameipata wapi.

Baada ya kununua, usiihifadhi katika mkoba wake kabatini. Mkoba hunyonya unyevu na kuushika, hasa miezi ya kusi na mvua za masika. Nunua chombo cha plastiki cha jikoni chenye kifuniko kinachobana, uweke humo pakiti za silika za kunyonya unyevu pamoja na kipimo kidogo cha unyevu, na uhakikishe kinasoma kati ya asilimia 40 na 50. Mchele, ambao watu wengi huutumia, huacha unga, na unga huo huingia kwenye pete za lenzi. Nimeufuta mara nyingi. Ukivuka kwa boti kutoka Mokowe, kamera iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na ukishafika uifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Ukilazimika kubadilisha lenzi nje, upe upepo mgongo na mdomo wa bodi uelekee chini.

Mpigapicha wa Ufukweni (Malindi) amejibu:

Nimekubali sahihisho la dada yangu kuhusu milimita 50. Sikuuwazia upana wa vyumba. Binti, fuata ya 35. Ile ya 50 utaihitaji siku utakapotoka na bibi harusi hadi mchangani Shela.

Binti wa Langoni (Lamu) ameandika tena:

Nawashukuru nyote, kwa kweli mmenikinga na hasara. Nilichukua futi siku ileile. Chumba cha mamangu kina upana wa mita 2.6 na urefu wa mita 8 na kidogo, na cha shangazi kiko karibu vivyo hivyo. Nilisimama ukutani nikajaribu kwa lenzi ya 18-55 ya rafiki yangu, kwanza ikiwa kwenye 50 kisha kwenye 35, na tofauti niliiona kwa macho yangu: kwenye 50 nilipata kitanda nusu, kwenye 35 nilikipata chote pamoja na mito.

Nimepata D7100 iliyotumika, idadi yake ya shata ni elfu thelathini na moja, pamoja na ile 35 f/1.8G. Lenzi nimeimulika, ina vumbi mbili tatu, kuvu hamna. Flashi nitainunua kwa malipo ya kazi ya kwanza, ambayo ni wiki tatu zijazo.

Nimebaki na maswali mawili kwa Mama Picha. Shughuli hiyo ya kwanza itafanyika katika nyumba mpya ambayo kuta za ukumbi wake zimepakwa rangi ya kijani. Je, flashi nikiiazima niielekeze wapi? Na nimejaribu kupiga hina ya mdogo wangu kwa f/1.8 nikiwa karibu kabisa: kidole kimoja kimetoka safi na vingine vyote vimefifia. Nimekosea wapi?

Mama Picha amejibu:

Hujakosea, mwanangu, ni tabia ya lenzi. Ukiwa karibu kiasi hicho, kwenye f/1.8 kilicho wazi pichani ni unene wa kama milimita 3 tu, na mkono wa mtu hauko sawasawa kama karatasi. Weka f/8, utapata unene wa zaidi ya sentimita moja. Mwambie bibi harusi alaze kiganja juu ya mto, nawe uielekeze kamera ikiwa sambamba na mgongo wa mkono. Kwa kuwa f/8 hula mwanga, hina ipige mchana, kando ya dirisha, kabla ya shughuli kuanza. Mchoraji mwenyewe atafurahi, kwa sababu piko ikishakauka na kubanduliwa ndipo mistari huonekana kwa ukali wake wote.

Ukuta wa kijani utazigeuza nyuso ziwe kama za wagonjwa, na kurekebisha rangi baadaye ni kazi ngumu. Fika mapema, uombe shuka jeupe lisilo na maua, ulitundike nyuma ya mahali utakaposimama, na flashi uigeuzie hapo. Hakuna atakayeliona, kwa kuwa wote watakuwa wanamtazama bibi harusi. Na Alhamisi nitakuwa Mkomani kwa siku mbili; njoo na kamera hiyo baada ya Alasiri, nina flashi ya ziada ambayo unaweza kuitumia hadi utakaponunua yako.